Miche Iliyopangwa kwa Kimo

Mjukuu wangu hakuniambia nisihamishe viriba. Naliweka hili mbele kabisa, si kwa kujitetea, maana hakuna aliyenishtaki. Naliweka mbele kwa sababu yeye mwenyewe amelisema mara nyingi kuliko mimi, kwa mwalimu wake na kwa rafiki yake, kila mara akijitwisha mzigo ambao ni wangu. "Sikumwambia," husema. "Bibi angejuaje?"

Lakini mtu aliyefanya kazi kwenye kitalu cha miti miaka thelathini na mmoja, ungedhani anajua.

Kitalu kilikuwa cha chuo cha kilimo na misitu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani kwangu. Niliingia pale nikiwa na mimba ya baba yake huyu mjukuu, nikatoka nikiwa na miwani. Kazi yetu ilikuwa kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki vya kuoteshea miche, kupanda mbegu, kumwagilia, kung'oa magugu. Na kila baada ya wiki tatu tuliinua kiriba kimoja kimoja, tukakata mizizi iliyotoboa chini, kisha tukaipanga miche upya kwa kimo: mirefu na mirefu, mifupi na mifupi. Mche mfupi ukiachwa katikati ya mirefu unanyimwa jua na unabaki vile vile, kama mtoto mdogo anayekula sahani moja na kaka zake. Bwana kitalu wa wakati ule, mtu mkali mwenye moyo laini, aliyekuwa akitufichia viatu vyetu visilowe mvua ikinyesha, alisema tuta lisilopangwa kwa kimo ni aibu ya mikono. Siku ya mtihani wakaguzi walipita wakitazama tuta la kila mwanafunzi. Likiwa la kijani na limesawazika kama kitanda kilichotandikwa, mwenyewe amefaulu.

Miaka mitatu iliyopita chuo kikabadili mtaala. Walisema, nami sikuwabishia, kwamba vijana wanatoka pale wakijua kutunza tuta la kijani wakati mvua zenyewe hazina tena ahadi, na wanaotoa kazi siku hizi wanataka mtu wa kupima, kuandika na kueleza kwa nini. Nusu ya kitalu ikajengwa chumba cha kompyuta. Mtihani wa tuta ukafutwa. Badala yake kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anafanya utafiti wake mwenyewe, nje ya chuo, na utafiti huo ni nusu ya alama zote. Asiyekuwa nao hapati cheti. Anarudia mwaka mzima.

Mjukuu wangu ana miaka ishirini na minne. Alisubiri nafasi ya chuo miaka mitatu, na miaka hiyo mitatu aliitumia kunishika mkono kwenda kliniki ya macho na kurudi. Kwa hiyo aliponiomba uwanja wangu wa nyuma, kati ya ukuta wa jiko na tangi la maji, ningempa hata kitanda changu.

Alikuwa ameokota mbegu za aina moja ya mti kutoka kwa miti mama minne. Mmoja ulioota kwenye mawe karibu na machimbo ya kokoto, mmoja wa bondeni, mmoja wa nyuma ya ghala, na mmoja wa pembeni mwa uwanja wa mpira. Alitaka kujua watoto wa mama yupi watavumilia kiu. Watoto arobaini kwa kila mama. Viriba mia na sitini.

"Sasa tunapiga kura," akaniambia siku ya kuvipanga.

"Kura ya nini? Mwenyekiti wa miche?"

Akacheka. Alikuwa amekata vikaratasi mia na sitini, akavitia kwenye sufuria yangu kubwa. "Wewe chota, mimi naandika. Kila kiriba kinakaa pale karatasi inaposema."

"Yaani wa machimbo akae na wa bondeni?"

"Wachanganyike kabisa, asiwepo aliyependelewa. Pengine huku ukutani kuna kivuli zaidi. Pengine kule tangi linavuja."

"Tangi langu halivuji."

"Mke mwenzangu, linavuja tangu marehemu babu yupo."

Hivyo ndivyo tunavyoitana, mimi na yeye, tangu akiwa mtoto, babu yake alipokuwa akimtania kwamba yeye ndiye bibi mdogo wa nyumba. Nikachota vikaratasi. Naye akaandika kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja kwa kila kiriba. Karatasi ile niliiona kwa macho yangu. Nilidhani kura ni ya siku ile tu, kama watu wanavyopiga kura nani aingie kwanza, na wakishaingia yamekwisha. Sikuuliza. Udongo ulikuwa umeniingia puani na nilitaka chai.

Miche iliota, ikafika kimo cha kiganja, na yote ilifanana kama punje za mchele. Mizizi alikuwa akiikata mwenyewe, akirudisha kila kiriba palepale kilipotoka, mrefu kando ya mfupi. Nilidhani ni uvivu wa vijana na nikanyamaza, maana mtu mzima hasemi kila kitu anachokiona.

Mwezi wa tatu tangu kuotesha ndipo alipoanza kuinyima maji: kikombe kimoja kwa kila mche, mara moja kila siku nne. Na wiki hiyohiyo chuo kikawaita wote kwenda kambini, siku kumi na nne, kujifunza kupima miti mikubwa kwa vyombo vipya. Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni na begi mgongoni, akanihesabia kwa vidole.

"Kikombe kimoja kila siku nne, usiongeze maji. Usitie mbolea. Usinyunyize dawa. Hata ikikulilia."

"Miche hailii."

"Kwako inalia. Nakujua."

Nami nikaapa. Na kiapo changu nilikishika, hilo nataka lieleweke. Siku ya tatu majani yalianza kujikunja. Siku ya saba mengine yalining'inia kama masikio ya mbuzi, na tangi la maji liko pale, hatua nne. Niliingia ndani nikafunga dirisha la jiko nisiyaone. Jioni alipiga simu.

"Umemwagilia, bibi?"

"Kikombe kimoja, kama ulivyosema. Roho inaniuma."

"Najua. Asante. Wewe umekunywa maji?"

Ndivyo alivyo. Yuko porini, amechoka, anauliza kama mimi nimekunywa maji.

Siku ya tisa niliamka na mikono inayotafuta kazi. Nikatoka kutazama tu. Nikaona kamche kamoja kafupi kamebanwa na mirefu miwili, kamepinda kutafuta jua. Nikafikiri: maji sikuruhusiwa, mbolea sikuruhusiwa, dawa sikuruhusiwa. Hii nyingine ni usafi tu.

Nikaleta kigoda. Nilianza na kile kimoja, kisha jirani yake, na baada ya hapo mikono iliendelea yenyewe kama ilivyozoea. Unashika kiriba chini, si shingoni, unakiinua, unakitazama mara moja tu, unajua mahali pake. Macho yangu hayaoni vizuri maandishi lakini kimo yanaona. Mirefu niliipanga ukutani, ya kati katikati, mifupi mbele kabisa kwenye jua la asubuhi. Nilimaliza jua likiwa utosini. Nikafagia. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alichungulia juu ya ukuta akasema, "Bibi, hiyo si miche, hilo ni gwaride." Nilifurahi siku nzima. Ilikuwa miaka tangu mtu aisifu kazi ya mikono yangu.

Jioni, kwenye simu, sikusema. Mtu haripoti kwamba amefagia. Na tena, nilitaka aione mwenyewe.

Alirudi alasiri, uso umeungua jua. Alinikumbatia, akaniachia mfuko wa matunda aliyonibebea kutoka huko, akapitiliza nyuma na begi bado mgongoni. Nilimfuata taratibu. Nikamkuta amesimama.

"Nani amekuja hapa?"

"Nani aje? Mimi tu. Umeona?"

Aliinama, akagusa kiriba cha mbele, akakitazama chini, akatazama cha pili.

"Bibi. Umeipanga."

"Kwa kimo," nikasema, na sauti yangu ilikuwa na majivuno, Mungu anisamehe.

Akageuza ndoo, akaikalia. Begi lilimvuta mabega nyuma na hakulivua. Akaniuliza, polepole, "Umekula?"

"Nimekula. Kuna nini?"

Akaingia ndani, akatoka na ile karatasi ya miraba. Akanikalisha kwenye kigoda, akapiga magoti karibu yangu ili nione vizuri, akaweka kidole kwenye mraba wa kwanza.

"Hapa palikuwa na mtoto wa machimbo. Sasa aliyeko hapa ni wa nani?"

Nikatazama kiriba. Nikatazama karatasi.

"Sijui," nikasema.

"Na mimi sijui."

"Hukuwaandika majina?"

"Majina yao yalikuwa ni mahali walipokaa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa na ile kura, na vile alivyokuwa akirudisha viriba palepale, na kwa nini hakuwa mvivu. Kila kitu kiliniingia kwa pamoja, kama maji ya baridi mgongoni. Yeye ndiye aliyeniinua kwenye kigoda akanipeleka ndani, akaniwekea mto. Kisha akarudi nje peke yake, nami nikamsikia akilia karibu na tangi, ambako alidhani simsikii.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya kukabidhi kazi.

Nilijaribu kuirekebisha. Kesho yake nilimwambia, "Mimi ninaijua miche. Nitakutambulia. Watoto wa mama mmoja hawawezi kufanana na wa mwingine kabisa kabisa, kuna kitu kwenye jani." Nililiamini hilo. Kwenye baraza kulikuwa na miche kumi na miwili ya akiba, mitatu kwa kila mama, hiyo ilikuwa na majina yaliyobandikwa kwa gundi. Akayafunika majina kwa vitambaa, akaichanganya nyuma yangu, akaniletea mmoja mmoja.

Nilichukua muda. Nilipapasa majani, nikanusa vikonyo, nikakwaruza udongo nikatazama shingo ya mzizi. "Huyu wa bondeni," nikasema. "Huyu wa machimbo, angalia jani lake limekaza." Alikuwa akiandika. Tulipomaliza akafunua vitambaa, na nikaona kwenye uso wake kwamba anatafuta namna ya kunieleza.

"Umepata mitatu, bibi."

"Kati ya kumi na miwili?"

"Ndiyo."

"Si haba. Tukirudia nitapata zaidi."

Akachukua mkono wangu, mkono wenyewe una udongo. "Mama ni wanne, bibi. Hata mtu aliyefumba macho angepata mitatu."

Hilo liliniuma kuliko yote. Miaka thelathini na mmoja, na kikaratasi kwenye sufuria kinajua sawa na mimi.

Jumapili akaja rafiki yake wa chuoni, msichana mrefu ambaye wenzake humwita Wakili kwa sababu hakuna kesi asiyoitetea. Alinisalimu kwa heshima, akanimenyea chungwa bila kuombwa, kisha akamgeukia mwenzake.

"Wewe una tatizo gani? Jaza namba. Wa machimbo wamestahimili, wa bondeni wamechoka, kila mtu anajua itakuwa hivyo. Nani atakuja kuiuliza miche mama yao nani?"

"Atakuja mtu kuchukua mbegu."

"Mtu gani?"

"Yeyote. Atasoma kazi yangu, ataenda kuokota mbegu machimboni, atapanda kilima kizima. Halafu ikifa?"

"Ikifa utakuwa umeshastaafu!"

Wakacheka wote wawili, lakini mjukuu wangu alikoma kwanza. Wakili akanitazama mimi. "Bibi, msaidie. Mwambie."

Na mimi, niseme kweli, nilitamani. Nilitamani achukue kalamu ajaze ile miraba yote, mimi nilale usingizi. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo. Ila aliinua macho akanitazama, na sikuona hasira ndani yake, niliona woga kwamba nitamwomba naye hatajua kunikatalia. Nikasema chungwa ni tamu.

Nilifuatana naye chuoni Jumatano. Alisema si lazima, nikasema ni lazima. Mahali palipokuwa na matuta ya miche ya misindano sasa pana ukuta mweupe na madirisha ya vioo, na ndani vijana wamekaa mbele ya mashine, wengine wakitazama picha za msitu zilizopigwa kutoka juu angani. Ilikuwa nzuri, sisemi haikuwa nzuri. Nilitafuta bomba tulilokuwa tukinawia nikalikosa.

Mwalimu wake, aliyewafundisha hesabu za utafiti, ni mwanamke wa umri wa mwanangu. Aliposikia mimi ni nani alisimama, akaniamkia, akanipa kiti chake mwenyewe chenye mto, yeye akakalia cha mbao. Nilimweleza yote. Nilianza na bwana kitalu nikamalizia na gwaride. Hakunikatiza hata mara moja.

"Shikamoo tena, mama," akasema nilipomaliza. "Kosa hili ni letu. Tulipoandika mtaala mpya tulikaa na wataalamu wa kompyuta, tukakaa na wenye viwanda vya mbao, tukakaa na watu wa hali ya hewa. Hatukukaa na mtu wa kitalu hata mmoja. Mngetuambia siku ya kwanza kwamba mtu yeyote aliyefanya kazi hii ataipanga kwa kimo."

"Tungewaambia," nikasema.

"Tungeandika sentensi moja tu. Kila kiriba kiwe na jina lake."

"Basi aandike hivyo," nikasema. "Aandike kwamba bibi yake aliipanga. Mpeni alama za ukweli."

Alimtazama mjukuu wangu, akatazama mashine yake, akaigeuza nione, ingawa alijua sisomi vizuri mbali. "Nimeuliza kwenye kamati. Nimeuliza mara mbili. Fomu ina mahali pa matokeo, na bila matokeo haipokei. Nilimwomba mkuu wa kitengo tumwongezee muda, akaniambia muda wa mche haujadiliwi, ukitaka mche wa miezi mitano unahitaji miezi mitano. Na ndivyo ilivyo. Nisingeweza kumbishia."

Nami nisingeweza. Ningekuwa bwana kitalu, ningesema hivyohivyo.

"Ningependa uje siku moja uzungumze na wanafunzi," akasema tena, akitusindikiza mlangoni. "Nilitafuta kipindi. Ratiba imejaa mpaka mwakani." Aliona aibu kusema hivyo, masikini, akanishika kiwiko kwenye ngazi, zote tisa, mpaka chini.

Barua ilikuja kwenye simu yake siku kumi baadaye. Alinisomea pale jikoni huku akikoroga chungu, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za sokoni. Anarudia mwaka. Wenzake watavaa majoho yeye atakaa na walio nyuma yake, wanaomwita dada. Kazi aliyokuwa ameahidiwa kwenye kituo cha mbegu alipewa mwingine. Wakili alimpigia, akalia simuni hadi mjukuu wangu ndiye akawa anambembeleza.

Ile miche mia na sitini tuliigawa. Shule ilichukua hamsini, fundi cherehani ishirini, na iliyobaki watu waliijia mmoja mmoja na mabeseni. Kila mtu alishangaa jinsi ilivyolingana. Mwanamke mmoja aliniuliza ni mbegu ya wapi, aje aokote zaidi.

Sasa ameotesha mingine. Mama walewale wanne, viriba mia na sitini, kila kimoja na kipande cha bati chenye jina kilichochomekwa. Karatasi ya miraba ameitengenezea nakala tatu. Amezungushia kamba ya bluu kuanzia ukutani hadi kwenye tangi. Siku aliyoifunga hakunitazama usoni, akaniambia, kwa upole hata ningependelea anipige, "Bibi, safari hii usivuke kamba. Hata kiriba kikianguka, usikiinue. Nipigie."

"Sitavuka," nikasema.

Jana asubuhi, yeye akiwa darasani, paka wa jirani alipita juu ya ukuta akaruka chini ndani ya kamba, akaangusha kiriba kimoja mstari wa mbele. Kilipasuka. Udongo ukamwagika, na mzizi ukatokeza, mweupe, mwembamba, juani. Nilijua kinachotakiwa. Ni kazi ya pumzi tatu: unakikusanya, unakishindilia kidogo kwa kidole gumba, unakisimamisha.

Nilipiga simu. Ilikuwa imezimwa, kama inavyotakiwa darasani. Nikapiga tena. Yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia kwa adabu nijaribu baadaye.

Nikaleta kigoda, nikakaa nje ya kamba, upande wa jua, ili kivuli changu kikiangukie. Kisha nikakumbuka kwamba hata kivuli ni upendeleo, nikasogeza kigoda.